Ukoko wa Nyumba ya Kumi na Mbili

Krruu. Kimya. Krruu.

Nilikuwa nimefumbua macho gizani, Bupe kanilalia mkono mpaka umekufa ganzi, na sauti ile ikaja tena kutoka upande wa pili wa ukuta. Kijiko cha bati kinakwangua chini ya sufuria. Mtu anayekwangua sufuria kwa haraka zake hutoa mlio mwingine. Huyu alikwangua kidogo, akasimama, akasikiliza, akakwangua tena. Kisha mlango wa nyumba namba kumi na mbili ukafunguliwa taratibu, kandambili zikapita koridoni, na kule mwisho nikalisikia pipa, ndiyo kwanza limefunguka kwa siku hiyo, likisema kwa sauti yake ya kizee:

"Habari za kuamka, Mama Lugano? Mbona mapema hivi?"

Subilaga, ndiye Mama Lugano, akatupa alichokuja nacho, kandambili zikarudi upesi.

Nikajua ni ukoko. Hakuna kitu kingine kinachokwanguliwa namna ile. Nikatabasamu gizani kwa mazoea tu, maana ukoko wa koridoni kwetu ulikuwa na wenyewe: Lugano wa kumi na mbili, miaka saba, na Bupe wangu, miaka mitano. Waliugawana kizingitini, kipande kikubwa kwa aliyewahi kunawa. Tabasamu likanikauka kabla halijafika mwisho.

Ukoko ulikuwa umekwenda kwenye pipa.

*

Pipa tulikuwa tunaliita Bibi. Si sisi tuliolitania, ndivyo lilivyotengenezwa. Mapipa ya kwanza yaliyoletwa mjini kwetu Igolwa yalikuwa na sauti ya kiume, kavu kama ya mtangazaji wa stendi, na watu waliyapuuza. Walitupa betri kwenye maganda, nepi kwenye chupa, wakaenda zao. Ndipo mtu mmoja mwenye akili huko ofisini akayapa sauti ya bibi kizee. Mtoto gani wa kwetu ataulizwa swali na bibi kizee akanyamaza? Mwaka mmoja tu mji ukanyooka. Kila asubuhi, kuanzia saa kumi na moja mpaka saa mbili linapojifunga, watoto walilipangia foleni wakiliamkia shikamoo.

Sitaki mtu afikiri nililichukia. Nilikuwa darasa la sita jalala la zamani liliposhika moto chini kwa chini. Miezi mitano mji mzima tulikula moshi, na mwezi wa nne tukamzika mdogo wangu Ambokile. Kanuni za taka zilipokuja, mimi nilikuwa wa kwanza kuzikariri. Nilipojiandikisha masomo ya jioni, Bupe nikimwacha amelala kwa Subilaga, nilichagua Usomaji wa Taka, na nilifaulu, na nilijivuna.

Kazi yenyewe ni hii. Ndani ya pipa mna jicho, pua na mizani. Kadi yako inaliambia ni nyumba gani, pua inaliambia mnakula nini na mnaumwa nini. Kitu linachokijua linakimeza. Lisichokijua kinabaki ulimini, ndivyo tunavyokiita kile kibati cha mdomoni, na picha yake inaruka kwenda kwenye kishikwambi cha msomaji. Msomaji anasema ni kitu gani. Neno lake likishaandikwa, kesho yake mapipa yote elfu sita ya mji yanalijua, wala hayalisahau. Msomaji akichelewa, Bibi humuuliza yeyote atakayefungua kifuniko, na jibu lake huandikwa kama la msomaji.

Saa moja na dakika kumi nilikuwa nimekaa mezani, Bupe anakunywa chai upande wa pili, anachovya kiazi na kukinyonya. Picha ikaingia, ya alfajiri, maana hutufikia zamu ikianza saa moja.

Kanuni inakataza kumsoma jirani, kwa hiyo picha huja bila namba ya nyumba. Lakini nani atanificha sufuria yangu mwenyewe? Ukoko ulikuwa umetoka mzima, mviringo, mweusi tii pembeni, na karibu na katikati una kinundu kama kifundo cha kidole. Kinundu kile alikitengeneza Bupe mwaka jana kwa kuishindilia sufuria mchi wa kinu. Sufuria nilimwazima Subilaga tangu Pasaka.

Chini ya picha pipa lilikuwa limeandika: MKAA, ASILIMIA SITINI NA MOJA. NDIYO. SIYO. ANDIKA JINA.

Mkaa umepigwa marufuku tangu moto ule. Nikataka kucheka: Bibi mzima haujui ukoko! Halafu nikaelewa kwa nini. Pipa linajua kile tu kinachotupwa. Miaka tisa limekaa mdomo wazi kwenye majengo ya familia, na miaka tisa hakuna aliyelipelekea ukoko, kwa sababu kwenye nyumba yenye mtoto ukoko haufiki kwenye pipa.

Nikakumbuka kwamba juma hilo vilinipitia vipande viwili vidogo vyeusi. Nilibonyeza SIYO, nikaandika "chakula kilichoungua", nikaendelea kukunja nguo.

"Bupe. Mara ya mwisho umekula ukoko na Lugano lini?"

"Siku ya mvua ya mawe."

Mvua ya mawe ilinyesha siku tisa nyuma.

"Na siku hizi?"

"Mama Lugano anasema Lugano amekua, ameacha ukoko." Akafikiri kidogo. "Mama, mtu akikua anaacha ukoko?"

"Mimi bado ninaula."

"Basi wewe hujakua."

Nikanyoosha mkono nikamgusa paji la uso. Lilikuwa la baridi, lina chumvi ya kiazi. Nikaligusa tena.

Homa ya vumbi, ile inayotoka kwenye udongo wa jalala la zamani kila upepo unapovuma, haianzi na joto. Inaanza na mtoto kukataa kile anachokipenda. Darasani tulifundishwa hivyo: hamu ya kula hutangulia, joto hufuata, kifua mwisho. Dawa ikiwahi kuingia kabla ya siku ya kumi na mbili, wengi hupona. Tatizo halikuwa dawa. Tatizo lilikuwa Kituo cha Uangalizi kule mlimani, siku arobaini, na mtoto anachukuliwa peke yake, mama anaambiwa asubiri nyumbani kwa usalama wa wote. Mtoto wa Mama Ipyana wa Jengo la Nne alipelekwa hivyo akiwa na miaka minne. Alirudi mzima, mnene hata. Mama yake akifungua mikono, mtoto anarudi nyuma.

Simu ikaita. Kasebele, msimamizi wetu, kijana asiye na mke wala sufuria, anakula kwenye mgahawa wa ofisi asubuhi na jioni.

"Mama Bupe, kuna swali limekaa kwako dakika ishirini. Umelilalia, unataka liangue vifaranga?"

"Picha haiko wazi, Bwana Kasebele."

"Haiko wazi? Mimi hapa nauona mkaa mtupu. Bonyeza ndiyo, nitume vijana wakapekue, tumalize."

"Si mkaa."

"Ni nini, basi?"

Nilimtazama Bupe akinyonya kiazi chake.

"Sikiliza, dada yangu. Hicho kitu ni mara ya tatu kutoka nyumba hiyohiyo, na pipa linaona kuna mdomo mmoja haupokei chakula. Ukiliandikia 'chakula' tena, taarifa inakwenda moja kwa moja kwa watu wa afya. Ukiandika mkaa, inakwenda kwa wapekuzi. Kama una jina lake hasa, liandike. Neno jipya ni cheo, unajua. Mwaka huu hakuna aliyetoa neno jipya."

"Nipe mpaka saa tatu."

"Mpaka saa tatu. Ikigonga, naandika mkaa mwenyewe."

Nikamwambia Bupe amalize chai, asiguse jiko. Nikatoka na kishikwambi kwapani.

*

Niligonga mara mbili. Mlango ukafunguka kiasi cha pua.

"Mama Bupe. Karibu, ila nimepiga deki, sakafu bado mbichi."

"Sikuja kukaa, dada. Lugano yupo?"

"Kaenda Tukuyu kwa bibi yake."

"Bibi yake yupi? Si yule tuliyemzika mwaka juzi, mimi na wewe tukasonga ugali wa msiba mpaka viganja vikatoka malengelenge?"

"Kwani mtoto ana bibi mmoja tu?" alisema, lakini macho yalikuwa yameshaondoka usoni kwangu.

"Mama Lugano. Ukoko."

"Umefanya nini ukoko?"

"Umefika kwangu. Mzima, na kinundu chake."

Kwanza hakuelewa. Kisha akaelewa, na uso ukamkunjika.

"Kumbe siku hizi unalisoma jalala langu. Mimi nakulelea mtoto ukasome, kumbe unasomea kuninusa. Kesho utasoma na nguo zangu za ndani."

"Sikujua ni lako mpaka leo asubuhi."

"Umekuja kunisuta au umekuja na wenzio? Wako ngazini?"

"Niko peke yangu."

Akachungulia koridoni, kushoto, kulia. Sauti ikamshuka.

"Maganda ya vidonge nayafukia shambani kwa shemeji. Kitambaa cha kumpangusia nakichemsha usiku. Chakula chake ninakila mwenyewe, nakila nisichokitaka, ili sahani irudi tupu. Nimeficha kila kitu, mwenzangu. Ukoko! Nani angefikiria ukoko?"

"Mimi," nilisema. "Nami nina mtoto."

Akaniachia mlango.

Lugano alikuwa nyuma ya pazia, kwenye godoro lililosogezwa mbali na dirisha. Miguu yake ilionekana mirefu kuliko siku zote. Aliponiona akajaribu kuinuka kwa kiwiko.

"Shikamoo, Mama Bupe."

Midomo ilikuwa imepasuka. Anaungua, hajiwezi, na bado anatafuta shikamoo.

"Marahaba, baba. Lala."

"Bupe ameshamaliza kumchora twiga?"

"Bado shingo."

Akacheka kidogo, kikohozi kikamdaka. Kikavu, kifupi. Mimi na mama yake hatukutazamana.

"Kila jioni ananiambia leo nitakula wali," Subilaga alisema. "Nabandika. Nakaa hapa namshika mkono nikidhani nakaa dakika mbili. Nikishtuka, wali umeungua." Alikuwa anaongea na pazia. "Andika hujui."

"Nikiandika sijui, Kasebele anaandika mkaa. Wakija kupekua mkaa watamkuta."

"Basi andika uongo mwingine! Si umesoma? Andika gome la mti, andika kinyesi cha ng'ombe."

"Naweza kuandika. Uongo wangu utamponya?"

Akamvuta Lugano shuka mpaka kidevuni.

"Leo ni siku ya tisa, dada. Bupe kanihesabia bila kujua. Ofisi ya afya inafunguliwa saa mbili. Mpeleke wewe."

"Wamchukue kama walivyomchukua yule wa Mama Ipyana? Anirudie ananiogopa?"

"Yule lilimtaja pipa. Kifungu cha kumi na nne kinasema mzazi akijitangaza mwenyewe kabla ya taarifa ya pipa, anakwenda pamoja na mtoto wake. Siku zote arobaini. Kitanda kimoja kama anataka."

"Kinasema."

"Kinasema. Nilikisoma kwa mtihani."

"Umesoma jioni mbili tatu, tayari wakili." Alifuta pua kwa kiganja. "Mbona hakuna mtu ninayemjua aliyekitumia?"

"Kwa sababu pipa huwahi. Siku zote pipa huwahi. Leo tu limekwama, limekwama kwa neno moja ambalo halilijui, na neno hilo liko kwangu. Saa mbili ikigonga uwe mlangoni kwao. Usiseme mengine, sema tu: nimekuja kujitangaza."

Nilisikia bomba linadondosha tone jikoni, nikasikia tone la pili. Kisha Subilaga akavua kitenge kiunoni.

"Ukinidanganya, Mama Bupe..."

"Nikikudanganya, sufuria yangu usiirudishe."

Akacheka, na kicheko kikamgeukia kilio hapohapo, akakimeza. Tukambebesha pamoja. Mtoto wa miaka saba mgongoni, miguu inaning'inia mpaka magotini mwa mama yake, kichwa kimelala shingoni. Nilifunga fundo mimi. Nililikaza mara mbili.

*

Kutoka kwenye roshani ya koridoni unaiona ofisi ya afya chini ya mteremko, bati la bluu, benchi refu ukutani. Nilimtazama Subilaga akishuka ngazi za mawe, anatua mguu mmoja, anasubiri, anatua wa pili. Ukungu ulikuwa bado haujainuka wote. Kwenye benchi kulikuwa na watu wawili tayari. Akawa wa tatu. Hakuketi, maana angemkalia mtoto miguu.

Saa mbili kasoro dakika nane.

Kishikwambi kilikuwa mkononi. ANDIKA JINA. Kile kimstari kinawaka, kinazima. Nikaandika herufi mbili, u na k, nikazifuta.

Nisiwe mnafiki. Nilikiwaza cheo. Nilikiwaza, nikaona chumba cha pili kwa ajili ya Bupe, dirisha lake mwenyewe. Lakini si hicho kilichonishika kidole. Nilikuwa namfikiria yule mtoto wa Jengo la Tatu au la Kumi, nisiyemjua, ambaye kesho ataanza kukataa ukoko na mama yake hatagundua mpaka kikohozi. Pipa likiujua ukoko, litagundua siku ya kwanza. Huyo mtoto atapona. Ambokile wetu, kama kungekuwa na kitu cha kumwona siku ya kwanza, leo angekuwa na ndevu.

Na siku hiyohiyo ya kwanza, kabla mama yake hajajua cha kujitangazia, gari la Kituo litakuwa mlangoni.

Neno moja. Nikiliandika, kila sufuria ya Igolwa itakuwa inasema nani ameshiba na nani hakula. Nisipoliandika, watasema mama za watoto peke yao, wale wenye macho, na wale wasio nayo watachelewa. Mwalimu wetu wa jioni alizoea kutuambia msomaji mzuri hana nyumba wala jirani, ana picha tu. Niliyaandika maneno hayo kwenye jalada la daftari langu. Yako pale mpaka leo.

Kasoro dakika tano. Mlango wa bati la bluu bado umefungwa. Mtu wa kwanza kwenye benchi akasimama, akajinyoosha, akaketi tena. Subilaga akageuza kichwa akaangalia juu, kwenye jengo letu. Nikapunga mkono. Sijui kama aliniona.

Nikaamua hivi: sitaandika kitu mpaka aingie. Akishaingia nitaandika kwa Kasebele barua, si neno. Nitamwambia ninalo jina, na nitalitoa siku watakapobadilisha kifungu, mama aende na mtoto hata kama ni pipa lililotangulia kusema. Anicheke akitaka. Lakini neno wanalihitaji, na halimo kwenye vitabu vyao. Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri nilipumua mpaka chini. Niliona kabisa inawezekana. Hata sasa ninaona ilikuwa inawezekana.

Mlango wa bati la bluu ukafunguka. Mhudumu mwenye koti jeupe akatoka na ufagio, akaanza kufagia kizingiti, taratibu, kama mwenye siku nzima.

"Fungua dirisha, mwanangu," nilimnong'oneza mhudumu kutoka huku juu. "Waite. Mwite wa tatu."

Nyuma yangu, mwisho wa koridoni, kifuniko kikalia kama kawaida yake kinapoinuliwa na mikono midogo. Nikageuka. Mlango wetu ulikuwa wazi. Bupe alikuwa amemaliza chai yake, amekusanya maganda ya viazi kwenye bakuli bila kuambiwa, kama kila asubuhi, kama nilivyomzoeza, na amesimama kwa ncha za vidole mbele ya pipa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu mzuri. Kabla sijafunga, hebu nisaidie, macho yangu hayaoni vizuri. Hiki kilichobaki ulimini mwangu ni kitu gani?"

Nilikimbia. Naapa nilikimbia. Nilitaka kuita jina lake, na sauti iliyonitoka haikuwa jina la mtu. Kule chini ufagio ulikuwa bado unafagia.

Bupe akachungulia ndani ya pipa, akakitazama kile kinundu alichokitengeneza mwenyewe, akaweka bakuli chini ili amjibu mtu mzima kwa adabu.

"Huo ni ukoko wa Lugano, siku hizi hautaki."